Vilele vya hemu vilivyobeba jina la mioglobini

Majina, mahali na tarehe zinazoweza kuitambulisha maabara vimeondolewa. Namba za vipimo zimekadirishwa kwa tarakimu za karibu.

Usuli

Kundi dogo la watafiti wa chuo kikuu lilitaka kupima potenshali (volti ambayo chuma cha protini hupokea au kutoa elektroni) ya mioglobini ya binadamu, protini ya misuli inayohifadhi oksijeni, katika sura mbili: protini ya asili, na protini iitwayo V68E, ambamo valini ya nafasi ya 68 imeondolewa na mahali pake pakawekwa asidi ya glutamiki. Nafasi hiyo imo ndani kabisa ya mfuko unaoshikilia hemu, kile kipande kidogo chenye chuma. Glutamati yenye chaji hasi ikizikwa humo, chuma hupenda zaidi kubaki katika hali ya Fe(III), yaani kikiwa na upungufu wa elektroni tatu, na potenshali inashuka. Ilikwisha kuchapishwa mwaka 1989 kwamba inashuka kwa karibu milivolti 200. Ndiyo maana V68E ilichaguliwa iwe ya kwanza: jibu lake linajulikana, kwa hiyo njia ya kupimia ingejaribiwa juu yake kabla ya kuhamia kwenye protini mpya ambazo hakuna aliyezipima.

Njia ya siku zote ni kuipima protini ikiwa katika kimiminika, kwa chemba nyembamba inayopitisha mwanga na kwa msaada wa vipatanishi vya elektroni, molekuli ndogo zinazobeba elektroni kati ya elektrodi na protini. Inafanya kazi, ila sampuli moja inakula siku nzima. Kundi likavutiwa na utando. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, walionyesha kuwa mioglobini iliyochanganywa katika utando wa DDAB juu ya elektrodi ya grafiti hutoa vilele vikubwa na safi vya mkondo wa umeme volti inapobadilishwa, wakati ikiwa katika kimiminika mbele ya elektrodi tupu hujibu kwa unyonge sana. DDAB ni safaktanti (kitu cha jamii ya sabuni) yenye mikia miwili ya kaboni 12 na kichwa cha chaji chanya. Ikilowa hujipanga kwa tabaka mbilimbili, mfano wa utando wa seli, na katika joto la chumba tabaka hizo ni laini kiasi cha kuruhusu vitu kusogea ndani yake. Sifa hii ya mwisho ina kazi kubwa katika kisa hiki.

Utando ulivyotengenezwa

Elektrodi ilikuwa ya grafiti ya pairolitiki, upande wa kingo, kipenyo milimita 5, yaani eneo la sm² 0.196. Ilisuguliwa kwa alumina ya mikromita 1, kisha 0.3, kisha 0.05, ikaoshwa ndani ya maji kwenye sonikata kwa dakika 2 na kukaushwa kwa hewa. DDAB ya milimola 10 kwa lita ilitawanywa katika maji kwa sonikata hadi maziwa yake yakageuka karibu kuwa angavu. Kisha ilichanganywa nusu kwa nusu na mioglobini ya milimola 0.5 kwa lita, na mikrolita 10 za mchanganyiko zikadondoshwa juu ya elektrodi. Kila elektrodi ilibeba nanomoli 2.5 za protini, na kwa kila molekuli moja ya protini kulikuwa na molekuli 20 za DDAB. Tone lilifunikwa kwa mrija mdogo usiku kucha ili likauke taratibu, kisha likaachwa wazi saa chache.

Hapa palifanyika uamuzi mmoja ambao wakati ule haukuonekana kuwa uamuzi. Protini ilikuwa imehifadhiwa katika bafa (kimiminika kinachotuliza pH) ya fosfeti yenye chumvi. Utando wa kwanza uliotengenezwa na protini hiyo ulikauka ukiwa na fuwele nyeupe na nyufa, na vilele vikatofautiana kutoka elektrodi moja hadi nyingine. Kundi likaamua kuisafisha protini kwa dayalisisi (kuiloweka ndani ya kifuko kinachopitisha chumvi na kubakiza protini) dhidi ya maji matupu, mara tatu, lita 2 kila mara. Nyufa zikaisha na vilele vikawa vinarudiwa kwa tofauti ya chini ya asilimia 10. Kwa macho ya mtu wa utando hayo ni maboresho. Kwa mioglobini ndipo balaa ilipoanzia.

Wiki kumi na moja za matokeo mazuri

Vipimo vilifanyika katika bafa ya fosfeti ya milimola 50, pH 7.0, yenye NaBr ya milimola 50. Agoni ilipitishwa dakika 30 kabla ya kipimo na kuachwa ielee juu ya kimiminika wakati wa kupima. Rejeo, yaani elektrodi ya kulinganishia volti, lilikuwa Ag/AgCl katika KCl ya moli 3, ambalo liko +0.210 V juu ya elektrodi ya hidrojeni.

Vilele vilitokea kwa jozi, katikati yake −0.20 V dhidi ya Ag/AgCl, yaani karibu +0.01 V dhidi ya hidrojeni. Mioglobini ya asili katika kimiminika iko karibu +0.05 V. Tofauti ya milivolti 40 haikumtisha mtu. Utando una chaji, na chaji husogeza potenshali.

Hesabu za uso nazo zilikaa vizuri. Kitu kilichonaswa juu ya elektrodi hutoa kilele ambacho kimo chake kinakua sambamba na kasi ya kufagia (kasi ya kubadilisha volti), ilhali kitu kinachosafiri katika kimiminika kimo chake hukua kwa kipeuo cha pili cha kasi. Kuanzia milivolti 10 hadi 200 kwa sekunde mstari ulinyooka. Eneo chini ya kilele lilitoa chaji ya mikrokulombu 3.9, ambayo ukiigawanya kwa 96,485 na kwa eneo la elektrodi unapata moli 2.1 × 10⁻¹⁰ kwa kila sm². Upana wa kilele katika nusu ya kimo chake ulikuwa milivolti 128, wakati nadharia inadai 90.6 kwa elektroni moja kwenye nyuzi 25. Kimo cha nadharia kwa milivolti 100 kwa sekunde ni chaji mara kasi mara 9.73, yaani mikroampea 3.8, kilichopimwa kilikuwa 2.7. Kilele kilichopanuka lazima kiwe kifupi, na 2.7 ndiyo inayotarajiwa ukizidisha 3.8 kwa 90.6 na kugawanya kwa 128. Kwa hiyo namba zilikubaliana zenyewe kwa zenyewe.

Elektrodi yenye DDAB peke yake ilipimwa pia. Haikuwa na kilele chochote. Kundi likaandika katika daftari kwamba udhibiti umekamilika.

Jaribio la mwanga nalo lilifanyika, na ni vyema kulitazama kwa makini kwa sababu lilipita kwa alama zote na bado lilidanganya. Mioglobini yenye Fe(III) ina mkanda mkali wa Soret (eneo la mwanga ambalo hemu hulifyonza zaidi) kwenye nm 409, wenye ufyonzaji wa 188 kwa kila milimola kwa sentimita. Mchanganyiko wa elektrodi, wenye milimola 0.25, ungefyonza 47 katika kyuveti ya sm 1; hakuna spektrofotomita inayosoma hivyo. Mchanganyiko ukapunguzwa mara 50 hadi mikromola 5, kiasi kinachotoa 0.94, na ili pH isiyumbe protini na DDAB viliandaliwa moja kwa moja ndani ya bafa yenye NaCl ya milimola 100. Kilele kikasimama kwenye nm 409. Hitimisho: DDAB haiidhuru protini.

V68E inafika

Wiki ya 12 protini iliyobadilishwa ikawa tayari. Ilitarajiwa kuonekana karibu na −0.35 V au chini zaidi dhidi ya Ag/AgCl. Utando ulitengenezwa kwa utaratibu uleule, elektrodi tano. Vilele vikatokea −0.204 V. Tofauti na protini ya asili: milivolti 4, ndogo kuliko tofauti ya elektrodi na elektrodi.

Maelezo matatu yaliwekwa mezani.

La kwanza, mirija imechanganywa. Spektromita ya tungamo ilitumika: glutamati ni nzito kuliko valini kwa daltoni 30, na protini ikapatikana imezidi kwa 30 kamili. Mirija ilikuwa sahihi. Kusubiri jibu kulichukua wiki moja.

La pili, elektrodi ya rejeo imehama. Ilipimwa dhidi ya rejeo jingine jipya na kwa kutumia heksaamini-rutheniamu kama alama. Ilikuwa imehama milivolti 2.

La tatu lilikuwa kwamba utando una mazingira yake, na mazingira hayo ya chaji chanya yanaifunika athari ya glutamati. Hili ndilo lililopendwa zaidi, na msimamizi wa kazi aliruhusu liandikwe katika rasimu ya ripoti. Lina mvuto kwa sababu linasikika kama fizikia. Kasoro yake huonekana ukilishika kwa mkono: utando ukiongeza milivolti fulani, unaziongeza kwa protini zote mbili. Pengo la 200 linahama lote kwa pamoja, halifutiki. Ili pengo lifutike, chuma kisiwe kinaiona tena glutamati, na glutamati imo umbali mdogo sana kutoka kwenye chuma. Kilichobaki ni kwamba hemu na glutamati hazikai tena nyumba moja.

pH yafichua

Aliyeanza kulitilia shaka lile la tatu ni mwanafunzi aliyekuwa akipima athari ya pH, kazi ya kujazia jedwali tu. Kutoka pH 5.5 hadi 8 potenshali ya utando ilishuka milivolti 50 kwa kila pH, karibu na 59 za elektroni moja inayoandamana na protoni moja. Protini ya asili na V68E zilifuatana mstari mmoja.

Mioglobini kamili haifanyi hivyo. Maji yaliyoshikwa na chuma chake cha Fe(III) hupoteza protoni karibu na pH 8.9. Chini ya hapo mteremko wa potenshali ni mdogo sana, kwa kuwa hakuna protoni inayotoka wala kuingia karibu na chuma. Mteremko wa 50 katika pH 6 unasema kuna maji au hidroksidi iliyoshikwa na chuma kisicho ndani ya mfuko wake. Data hizi, kwa upande wa protini ya asili, zilikuwa kwenye faili tangu wiki ya sita. Hakuna aliyezilinganisha na mioglobini ya kwenye kimiminika, kwani kila mtu alikuwa akizilinganisha na tando nyingine za mioglobini.

Mchana mmoja wa hemini

Wiki ya 15 ndipo utando wa hemini ulipotengenezwa. Hemini ni hemu yenyewe ikiwa na kloridi, gramu 652 kwa moli, na chupa ilikuwa kwenye jokofu siku zote. Iliyeyushwa katika NaOH ya moli 0.1 hadi milimola 5, ikapunguzwa kwa maji hadi 0.5 na kuchanganywa na DDAB papo hapo, kwa sababu hemini iliyokaa katika alkali hujishikamanisha wawili wawili na sehemu yake haitajibu. Nanomoli 2.5 juu ya elektrodi, usiku mmoja wa kukauka, nusu saa katika bafa ya pH 7 ili alkali iliyobaki itoke, kisha kipimo.

Kilele: −0.203 V. Upana: milivolti 126. Chaji: mikrokulombu 4.4. Mteremko wa pH: uleule. Mkunjo wa hemini ulipowekwa juu ya mkunjo wa mioglobini haukuwezekana kutenganishwa kwa macho bila kubadili rangi za wino.

Usiku huohuo spektra ya utando wenyewe ilipimwa kwa mara ya kwanza. Mchanganyiko uleule wa elektrodi, wa maji matupu, ulikaushwa juu ya kipande cha kwatsi na kuloweshwa kwa bafa. Utando unatawanya mwanga, kwa hiyo kipande chenye DDAB tupu kilitumika kama msingi wa kutoa. Mkanda wa Soret ulikuwa umeshuka, umetanuka, na umehamia karibu na nm 398. Kipande cha pili, kilichotengenezwa kwa mchanganyiko wenye NaBr ya milimola 100, kilikuwa na mkanda mkali kwenye 409. Utando huu wa chumvi ulipowekwa juu ya elektrodi, vilele vikapotea karibu vyote.

Kwa maneno mengine, protini nzima ilikuwa kimya, na kilichokuwa kikizungumza wakati wote kilikuwa hemu iliyotoka.

Kundi lilipotafuta zaidi likakuta kuwa watafiti wa Eindhoven, Uholanzi, walikwisha kuripoti kutoka kwa hemu katika tando za mioglobini na DDAB mwaka 2005.

Matokeo

Rasimu ya ripoti iliondolewa kabla haijatumwa kwa jarida. Data za wiki 11 hazikutupwa; zilibadilishwa lebo kuwa data za hemu katika DDAB, na kama data za hemu ni nzuri sana.

Potenshali zilipimwa kwa njia ya zamani. Protini ya mikromola 100 iliwekwa katika chemba ya unene wa mm 0.5 yenye wavu wa dhahabu. Kwa unene huo ufyonzaji unarudi kwenye 0.94, bila kupunguza chochote. Vipatanishi vilikuwa heksaamini-rutheniamu kwa protini ya asili, na indigo ya salfoneti mbili, ambayo iko −0.125 V katika pH 7, kwa V68E. Rangi yake ya buluu iko mbali na mkanda wa Soret. Potenshali ilisogezwa milivolti 20 kwa hatua, na kila hatua ilisubiriwa hadi spektra iache kubadilika, dakika 5 hadi 15. Fe(III) ilifuatwa kwenye nm 409 na Fe(II), chuma kilichokwisha kupokea elektroni moja, kwenye 434. Mkanda ukianza kujitokeza kwenye 418, oksijeni imeingia na imeshikwa na Fe(II). Hapo kipimo kinaanzwa upya. Safari ya kwenda na ya kurudi lazima zikutane. Protini ya asili ilitoka +0.05 V na V68E ikatoka chini yake kwa karibu milivolti 190.

Uchambuzi: kwa nini hemu ilitoka

Hemu ya mioglobini haijafungwa kwenye mnyororo wa protini isipokuwa kwa histidini moja, ile ya nafasi ya 93, inayoshika chuma. Mengine yote yanayoishikilia ni mguso wa asidi amino zisizopenda maji na vifungo vichache vya mikono yake miwili ya kaboksili. Safaktanti yenye mikia mirefu inaipa hemu makazi mengine yasiyopenda maji, tena yenye vichwa chanya vinavyoikaribisha mikono hiyo hasi. Penye chumvi, chaji za DDAB na za protini zinafichana, na vitu hivyo viwili havikumbatiani kwa nguvu. Penye maji matupu hakuna kinachozificha. Dayalisisi iliyoondoa nyufa ndiyo iliyoondoa kinga hiyo.

Jaribio la mwanga katika kyuveti lilishindwa kwa sababu hiyohiyo. Lilibadilisha vitu viwili ambavyo havikupaswa kuguswa, chumvi na msongamano, kisha likatoa jibu sahihi kwa swali ambalo elektrodi haikuliuliza. Kama ufyonzaji ni mkubwa mno, fupisha njia ya mwanga, usipunguze sampuli. Vipande viwili vya kwatsi na tone la mikrolita 10 vinatosha.

Uchambuzi: ni kipi kila jaribio linathibitisha

Makosa mengi ya kisa hiki yanaingia mlango mmoja. Majaribio yaliyofanywa yalikuwa halali, lakini yalithibitisha mambo mengine.

Mstari wa kimo dhidi ya kasi unathibitisha kuwa kitu kimenaswa katika safu nyembamba. Upana wa 90.6 unathibitisha idadi ya elektroni na usawa wa mazingira. Elektrodi ya DDAB tupu inathibitisha kuwa safaktanti na grafiti havina kilele chao. Hakuna hata moja kati ya hayo linalouliza kama chuma kimo ndani ya protini. Hemu huru iliyonaswa inafaulu yote kwa urahisi kuliko mioglobini, kwa kuwa ni ndogo na haina ganda la kuzuia elektroni.

Uchochezi, yaani uwezo wa kuharakisha mmenyuko, nao haukusaidia. Kundi lilikuwa limeonyesha kuwa utando unapokeza elektroni kwa oksijeni na kwa nitriti, na likahesabu hilo kuwa ishara ya protini hai. Hemu katika DDAB inafanya yote mawili.

Hata hesabu ya chaji ilikuwa na onyo. Molekuli ya mioglobini ina ukubwa wa karibu nm 4.5 × 3.5 × 2.5, ikilala kwa upande wake mpana, safu moja iliyojaa kabisa ni moli 1 × 10⁻¹¹ kwa sm². Kilichopimwa kilikuwa mara 20 ya hapo. Elektroni zilikuwa zinafikia protini za safu ya ishirini kwa njia gani? Ama protini nzima inaogelea hadi kwenye grafiti, ama kitu kidogo zaidi kinaogelea. Jambo la kwanza haliwezekani kukataliwa kwa hesabu peke yake, lakini la pili lilistahili kuulizwa wiki ya kwanza. (Onyo la pembeni: uwiano wa 3.9 kwa 4.4 usigeuzwe kuwa asilimia ya hemu iliyotoka. Katika tando zote mbili kilichojibu ni chini ya asilimia 2 ya nanomoli 2.5 zilizowekwa, na hakuna ajuaye asilimia hiyo ilichaguliwaje.)

Ukaribu wa +0.01 na +0.05 V ndio uliolaza watu usingizi. Ni sadfa. Kama hemu katika DDAB ingekaa milivolti 150 mbali na mioglobini, kosa lingejulikana siku ya kwanza.

Kilichofanya kazi

Kuchagua V68E kulilipa kuliko chombo chochote. Badiliko dogo la juu ya uso wa protini, lenye athari ya milivolti 10, lingepita katikati ya kelele za elektrodi na ripoti ingechapishwa. Kwa njia mpya ya kupima, sampuli ya kwanza iwe ile ambayo jibu lake ni kubwa, linajulikana, na linatoka ndani ya kiini unachokipima.

Spektromita ya tungamo nayo ilistahili gharama yake, ingawa ilichelewesha wiki. Bila hiyo mjadala wa mirija usingekwisha.

Lililoharibika ni mpangilio. Jaribio la siku moja na la bei ndogo lilikuja baada ya la wiki moja na la bei kubwa, kwa sababu maswali yote yalikuwa juu ya V68E. Protini ya asili ilikuwa imekwisha kuaminiwa, na hakuna aliyerudi kuikagua.

Kwa protini nyingine

Tatizo hili ni la kila protini ambayo kiini chake hakijafungwa kwa kifungo cha kovalenti. Mfano unaokutwa mara nyingi ni glukosi oksidesi juu ya nyuzi za kaboni. Vilele vyake vinavyotangazwa kuwa ni vya kimeng'enya hukaa −0.42 hadi −0.45 V dhidi ya Ag/AgCl katika pH 7. FAD, kiini cha kimeng'enya hicho, ikiwa huru iko karibu −0.22 V dhidi ya hidrojeni, yaani −0.43 kwa rejeo hilohilo. Mteremko wake wa pH na elektroni zake mbili havitofautishi lolote. Swali la kuuliza ni kama kilele kinageuka kuwa wimbi la uchochezi glukosi inapoongezwa bila oksijeni. Kisipogeuka, kilichoonekana hakifanyi kazi ya kimeng'enya.

Sitokromu c iko salama zaidi, kwani hemu yake imeshonwa kwa salfa za sisteini 14 na 17. Hata hivyo inaweza kupoteza methionini 80 inayoshika chuma chake upande wa pili, na potenshali ikaanguka kwa mamia ya milivolti bila hemu kutoka. Kwa hiyo ukiona jozi mbili za vilele, moja karibu na 0 V dhidi ya Ag/AgCl na nyingine chini sana, hiyo ya chini ni protini iliyofunguka.

Maabara ya kisa hiki sasa huandaa elektrodi nne kwa siku moja na kwa chupa moja ya DDAB: utando tupu, utando wa kiini kisicho na protini kwa moli zilezile, utando wa protini ya asili, na utando wa protini iliyobadilishwa karibu na chuma. Kipande cha kwatsi hukaushwa kando yao kwa tone la mchanganyiko uleule, bila kupunguzwa. Elektrodi ya pili na ya tatu zikitoa mkunjo mmoja, ya nne haipimwi.